Mistari ya Shambani: Namna ya Kupiga Picha Zinazoonyesha Kazi ya Mradi

Ofisi ya miradi hupokea picha nyingi kutoka kwenye kamati za sharika, na kwa hilo tunashukuru. Nyingi zinafanana. Wanakamati wamesimama kwa mstari mmoja, mchungaji katikati, mgeni kulia kwake, bango la mradi mbele, na nyuma yao kuna mlima, anga na kitu kidogo cha rangi ya kahawia ambacho ndicho kilichogharimu fedha. Picha ya namna hiyo ina mahali pake katika albamu ya usharika. Lakini mfadhili aliyeko mbali akiitazama anaona watu waliosimama, haoni makinga maji. Anaona kofia, haoni korongo. Mwaka unaofuata anapokea tena picha ya watu waliosimama, ndipo anauliza swali ambalo kamati nyingi zimewahi kulisikia: ni kitu gani kimebadilika?

Makala hii inaeleza aina nyingine ya picha, yaani picha ya mistari. Hapa Dirma na vijiji jirani, upande wa Mbulu na upande wa Hanang, ardhi yetu imejaa mistari: matuta ya mahindi na mbaazi, njia za ng'ombe, mifereji, uzio wa minyaa, safu za tofali, nyufa za tope lililokauka kandokando ya Ziwa Balangida wakati wa kiangazi. Kila mstari umechorwa na kitu: jembe, maji, kwato, jua au mkono wa fundi. Kamati inayojifunza kuisoma mistari hiyo na kuipiga picha vizuri itaandika taarifa nzuri zaidi. Jambo kubwa kuliko hilo ni kwamba itajua maji yanaelekea wapi kabla hayajachukua shamba.

Mstari wa mtu na mstari wa maji

Kwenye mteremko wowote ipo mistari ya aina mbili. Maji huchora mstari kutoka juu kwenda chini kwa njia iliyo fupi. Mkulima mwenye akili huchora mstari unaokatisha mteremko, unaofuata usawa ule ule wa kimo kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Huo ndio tunaouita mstari wa kontua, na kamati nyingi zinaufahamu kwa sababu zimeupima kwa fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, na kamba iliyofungwa jiwe katikati. Baada ya kupima, mfereji huchimbwa kufuata mstari. Ikiwa udongo unatupwa upande wa juu, tunasema ni "fanya juu". Ukitupwa chini ni "fanya chini". Tuta likipandwa majani ya tembo na kutunzwa, udongo hujikusanya nyuma yake mwaka hadi mwaka, mpaka mteremko unageuka kuwa kama ngazi.

Wazee wetu wa Kiiraqw waliijua kazi hii kabla ya bwana shamba yeyote kufika. Nyanda za juu za Kainam, kusini mashariki mwa mji wa Mbulu, zinajulikana kwa watafiti duniani kwa kilimo chake cha matuta, mifereji ya kutoa maji, na samadi ya mifugo inayorudishwa shambani. Mtafiti Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm aliandika kitabu kizima juu ya kilimo hicho mwaka 2004. Anayetaka kuona mistari ya mtu ikiwa imeshinda mistari ya maji kwa vizazi vingi hana haja ya kwenda mbali. Apande Kainam.

Kinyume chake nacho kinaonekana. Mkulima akiendesha plau kutoka juu kwenda chini, kila mfuo unakuwa bomba la kuteremshia maji. Njia ya ng'ombe inayoshuka kisimani kila siku kwa mahali pale pale nayo hupoteza majani, hushuka kimo kuliko ardhi ya pembeni, halafu mvua ya kwanza inaigeuza kuwa kijito. Korongo huanza hivyo, kwa mstari mwembamba usiozidi upana wa kiganja. Aliyesimama katikati ya shamba hauoni kwa sababu uko chini ya miguu yake. Aliyesimama mteremko wa pili, ng'ambo ya bonde, anauona mara moja: uzi mweupe au mwekundu unaokata matuta yote.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii. Ukitaka kupiga picha ya makinga maji, toka shambani. Nenda ng'ambo, au panda mahali palipoinuka, uiangalie kazi kutoka mbali.

Jua ndilo linalochora

Picha nyingi za kazi hupigwa saa sita mchana, baada ya hotuba na kabla ya chakula. Saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Sisi tuko takriban nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa juu ya utosi. Kivuli kinajificha chini ya kitu chenyewe, na tuta la nusu mita linaonekana kama ardhi tambarare. Kamera haina kosa. Hakuna kivuli cha kuonyesha kwamba pale pameinuka.

Asubuhi kati ya saa moja na saa mbili na nusu, na jioni kuanzia saa kumi na moja, mwanga hulala. Kila tuta hutupa kivuli chake, na shamba lililoonekana tupu mchana huonekana limechorwa kama kitambaa cha mistari. Mteremko unaotazama mashariki upigwe picha asubuhi, unaotazama magharibi upigwe jioni. Kama tuta lenyewe linaelekea moja kwa moja kule jua linakotokea, kivuli chake kitakuwa chembamba, basi sogeeni mpaka mwanga uje kwa ubavu.

Elimu hii si ngeni. Miaka ya 1920 mtaalamu wa mambo ya kale wa Uingereza, O.G.S. Crawford, alitumia picha za ndege kutafuta mashamba na ngome zilizosahauliwa. Mwanga wa pembeni ulipoangukia majani, vivuli vidogo vilionyesha kingo za mashamba ambazo mtu aliyepita kwa miguu hakuziona. Nasi hapa nchini tunayo Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Huko watu walilima kwa umwagiliaji kati ya karne ya 15 na ya 18, wakapanga mawe kuzunguka vipande vya mashamba na kuchimba mifereji. Waliondoka, lakini mistari yao ya mawe imebaki katika eneo la hekta 2,000 hivi. Wapo wanaodhani kwamba sehemu ya watu hao walikuwa mababu wa Wairaqw. Mjadala huo tuwaachie wenyewe wataalamu, ila ni jambo la kufikirisha kwamba mstari wa mawe uliopangwa vizuri unaweza kudumu kuliko kumbukumbu ya aliyeupanga.

Simama pale pale

Picha moja nzuri inaonyesha hali ya siku moja. Picha mbili zilizopigwa mahali pamoja kwa miaka tofauti zinaonyesha badiliko, na badiliko ndilo tunaloulizwa.

Mfano unaofahamika zaidi Afrika Mashariki ni wa Machakos, nchini Kenya. Mwaka 1937 ofisa wa serikali ya kikoloni alipiga picha za vilima vya huko vikiwa vimechunwa, vyenye makorongo na miti michache. Wakati huo wakoloni waliandika kwamba nchi ile inakufa na wenyeji wake ndio wanaoiua. Mnamo miaka ya 1990 na 1991 watafiti walizitafuta sehemu zile zile na kupiga picha upya. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Wengi wangetegemea kuona jangwa. Picha zilionyesha matuta ya kontua yaliyopangika kilima hadi kilima, na miti mingi kuliko zamani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha matokeo hayo katika kitabu mwaka 1994, na mjadala juu ya wakulima wadogo haukubaki kama ulivyokuwa. Hoja za maneno zingeweza kupingwa kwa maneno. Picha mbili za kilima kimoja ni ngumu kuzipinga.

Kamati moja ya huku Dirma ilianza utaratibu huu kwa simu ya kawaida ya mwanakamati. Walichagua mwamba mmoja ng'ambo ya bonde na kuutia alama ya rangi. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipita na kuni alimwuliza kijana mwenye simu, "Mwanangu, siku hizi hata udongo unapigwa picha?" Wakacheka, lakini waliendelea. Baada ya masika ya pili walipozilinganisha picha, waliona jambo ambalo hakuna aliyelizungumza kwenye vikao: mstari mwembamba ulioanzia tuta la pili kutoka juu na kushuka hadi la tano. Walipokwenda kukagua walikuta mahali ng'ombe wanapovukia tuta kuelekea majini. Kwato zilikuwa zimelishusha tuta, na maji yalipata mlango. Lawama ingeweza kuwaangukia wafugaji, na ugomvi ungeanza. Badala yake wenye mashamba na wenye ng'ombe walikaa, wakachagua kivuko kimoja, wakakitandaza mawe. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Kwa maoni yangu, picha ile ilifanya kazi kuliko semina.

Utaratibu wenyewe si mgumu, lakini unataka uaminifu. Mahali pa kusimama pawe na alama isiyohama: mwamba, bikoni, kona ya jengo. Mti si alama nzuri, maana hukatwa. Chagueni pia kitu cha kudumu kitakachoonekana ndani ya picha, kama kilele cha kilima au paa la shule, ili atakayekuja baadaye aweze kupanga picha yake ilingane na ya kwanza. Simu nyingi zina mistari ya gridi inayoweza kuwashwa kwenye kioo cha kamera. Mstari wa chini wa gridi uwekwe sawa na kitu kile kile kila mara. Msivute picha karibu kwa vidole. Pigeni mwezi ule ule na saa ile ile, kwa sababu jua letu huhama: mwezi Juni adhuhuri liko kaskazini, Desemba liko kusini, na vivuli huhama nalo. Tunashauri mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Na picha ya kwanza ipigwe kabla jembe la kwanza halijapigwa chini. Hiyo ndiyo inayosahaulika mara zote, na haiwezi kurudiwa.

Mlima Hanang

Hatuwezi kuzungumzia mistari ya ardhi katika eneo hili bila kugusa msiba wa alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka kufuata mikondo ya maji hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Makovu yalionekana ubavuni mwa mlima kutoka mbali sana, mistari mirefu ya kahawia katikati ya kijani.

Hakuna picha inayozuia mlima kumeguka, wala makinga maji ya usharika hayangesimama mbele ya nguvu ile. Lakini mikondo ile haikuchorwa siku hiyo. Sehemu kubwa ya tope ilipita mahali ambapo maji yalikuwa na njia tangu zamani, ikiwa ni pamoja na njia ambazo kwa kawaida hukaa kavu muda mrefu hata watu wakazizoea kama uwanja. Kwa sababu hiyo, kamati yoyote ya ujenzi inayotafuta kiwanja cha zahanati, shule ya awali au nyumba ya mwinjilisti ipige kwanza picha ya mteremko ulio juu ya kiwanja, jioni, jua likiwa limelala, na iiangalie kwa makini. Bonde dogo lenye mawe ya mviringo na nyasi za rangi tofauti ni njia ya maji, hata kama halijatiririsha maji kwa miaka kumi. Wenye kompyuta wanaweza pia kufungua programu ya Google Earth na kuona picha za setilaiti za miaka iliyopita za mahali hapo hapo. Halafu ulizeni wazee. Mzee na picha wakisema jambo moja, msijenge hapo.

Hesabu iliyomo ndani ya picha

Mistari ina faida nyingine ambayo watunza hazina wataipenda: inapima. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi inayoshauriwa yana sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Korongo likikata shamba na mistari kumi ikawa imepotea, upana wake ni kama mita saba na nusu, na mtu yeyote anaweza kuhesabu akiwa mezani kwake. Ukuta wa tofali za saruji zenye kimo cha inchi tisa, pamoja na chokaa ya kuunganishia, hupanda karibu sentimita 25 kwa kila safu. Safu nane ni mita mbili hivi. Picha ya ukuta iliyopigwa kwa kutazamana nao uso kwa uso, safu zikihesabika, inamwambia mfadhili kazi imefika wapi. Inamwambia pia fundi mkuu kama safu zimelala sawa au zinapanda upande mmoja. Ukuta uliopigwa picha kwa mshazari kutoka chini unapendeza, ila haupimiki. Pale pasipo na mistari ya kuhesabu, simamisheni jembe lenye mpini kando ya kitu, na urefu wa mpini uandikwe kwenye maelezo.

Mistari isiyo yetu

Tahadhari moja ni muhimu, nayo nitaieleza kwa historia ya hapa hapa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa katika nyanda za Basotu mashamba makubwa ya ngano yaliyokuwa chini ya shirika la umma la NAFCO. Yalifika mashamba saba, zaidi ya ekari 70,000. Picha za mashamba yale zilikuwa nzuri: mistari iliyonyooka mpaka upeo wa macho. Picha hizo hazikuonyesha kilichokuwepo kabla. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, yenye njia zao za kwenda majini na kwenye chumvi, na makaburi ya wazee wao, ambayo mengine yalipitiwa na trekta. Wabarbaig walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980, na shauri hilo lilijulikana nje ya mipaka ya nchi.

Ninakumbusha hayo kwa sababu nasi tunapenda mstari ulionyooka. Njia ya ng'ombe inaonekana ovyo pembeni ya tuta lililopimwa, na mpiga picha anashawishika kuiacha nje. Iingie. Kama mradi umefunga njia ya mtu, picha iseme hivyo, tena mapema, wakati bado inawezekana kuhamisha tuta.

Vivyo hivyo kwa watu. Vazi la ngozi la mama wa Kidatoga lenye shanga, bangili zake za shaba, na chale za mviringo machoni pake zina ruwaza ambazo wageni huzikimbilia kwa kamera. Uso wa mtu hauko sawa na tuta la mahindi. Aombwe, aelezwe picha inakwenda wapi, na akikataa iishie hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhusu na sisi tunaotunza picha na majina ya watu. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye wa kuombwa. Picha za mistari zina nafuu hapa: mara nyingi zinaeleza kazi yote bila kumwanika mtu yeyote katika umaskini wake, na wafadhili wengi sasa wanapendelea hivyo.

Wanakamati wasihuzunike. Picha ya pamoja itaendelea kupigwa, na mgeni atasimama katikati.

Picha za mwisho wa kiangazi zitumwe ofisi ya miradi kabla mvua hazijaanza. Kila picha iambatane na karatasi yenye jina la usharika na mtaa, tarehe, saa, mahali mpigaji aliposimama, na upande aliotazama. Zikitumwa kwa WhatsApp zitumwe kama hati, si kama picha, kwa sababu zikipunguzwa ukubwa mistari midogo hupotea. Nakala moja ibaki kwenye jalada la usharika, iliyochapishwa, kwani simu huharibika na wenye simu huhama. Kamati ambazo bado hazijachagua mahali pa kusimama zimjulishe mratibu, ili katika ziara ijayo twende kupachagua pamoja, asubuhi na mapema, kabla ya chai.